Hatua Mia na Kumi na Saba

Baba yangu,

Shikamoo. Wewe ulizoea kunijibu, "Marahaba Skola, umekula?" hata kama tuliachana saa moja tu iliyopita. Basi nakujibu mapema: sijala. Ni Jumamosi asubuhi, nimekaa jikoni kwako hapa Mpitimbi, chai imepoa mbele yangu na kiporo cha viazi sijakigusa. Kaka Osmundi ametoka alfajiri na gobore lako. Hakuniaga. Nimeangalia kule juu ya kabati ulikokuwa unaweka baruti, nimekuta alama ya duara kwenye vumbi. Amebeba kopo zima.

Kesho ni misa ya kumbukumbu yako, mwaka mmoja tangu utuache. Jumatatu gobore linakwenda kituoni, maana kibali kina jina lako na mwenye jina hayupo, na mwenyekiti wa kijiji ametuvumilia mpaka amechoka. Kwa hiyo leo ndiyo nafasi ya mwisho ya Osmundi, na ameshawatangazia watu kwamba wageni wa kesho watakula mbawala. Tena si mbawala wa kuviziwa karibu. Anataka kumpiga kama ulivyompiga wewe, kutoka kwenye lile jiwe juu ya shamba la maharage mpaka ng'ambo ya kijito, kwenye mti wa msuku. Hatua mia na kumi na saba.

Baba, nina hasira na wewe. Niseme tu, maana nikikaa nayo itaniua kwa vidonda vya tumbo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja uliponiweka nyuma ya jiwe lile kwa mara ya kwanza. Osmundi alikuwa na kazi za kiume, kupasua kuni na kubeba mahindi mashineni, na mimi ulinipa kikopo cha fataki za kuwashia baruti nikishike nisitikisike. Ndiyo nilivyojifunza. Ulikuwa unaweka risasi moja katikati ya kiganja, unamimina baruti juu yake taratibu, na risasi ikifichika tu, unaacha. "Ikifichika, basi," ulisema. "Ukiongeza, hulengi tena, unamtisha tu." Kisha baruti ndani ya mtutu, nyuzi za gunia, risasi, na ile fimbo ya mdeki ya kushindilia, ambayo ulinikataza kuigusa lakini ukaniacha nihesabu mapigo.

Ukanifundisha na umbali. Ulisema mtutu wa gobore ni laini ndani kama bomba la maji, risasi haikamatwi na kitu, inatoka inayumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya komoni. Hapa karibu inakwenda unakotaka. Mbele huko inakwenda inakotaka yenyewe. Ulipanda vijiti shambani kila hatua kumi, na kwenye kijiti cha nne ukafunga kitambaa chekundu. "Mpaka pale ni mimi," ukaniambia. "Kutoka pale ni Mungu."

Nakumbuka pia mluzi wako wa viganja. Unakunja mikono miwili pamoja kama unaficha kifaranga, vidole gumba mbele, unapuliza katikati, na sauti inafika mpaka nyumbani kama ya bundi mkubwa. Mluzi mmoja maana yake nimepata, bandikeni maji. Miluzi miwili, nimekosa, pikeni majani ya maboga. Mama alikuwa anasema hiyo ndiyo simu pekee isiyoisha salio. Baba mdogo Fulko alikuwa na mluzi mtamu kuliko wako, mpaka siku gobore lake lilipopasukia mkononi. Alibaki na vidole viwili mkono wa kushoto. Tangu hapo hakupiga mluzi tena, alikuwa anapaza sauti tu kama mtu anayefukuza ngedere, na sisi watoto tulicheka, Mungu atusamehe.

Sasa ile siku. Walitoka mbawala wawili. Mmoja alisimama karibu na kichuguu, ndani kabisa ya kitambaa chekundu, anakula maharage yetu bila haya. Wa pili alikuwa mbali, ng'ambo ya kijito, chini ya msuku. Ulimlenga wa kichuguu. Nilikuwa begani kwako, baba, niliona mtutu ulikoelekea, ulikuwa karibu sana naye hata mimi ningempata. Ukafyatua. Moshi ulipoondoka, wa kichuguu alikuwa ameruka na kupotea, mzima wa afya. Na yule wa ng'ambo alikuwa amelala.

Ulibaki mdomo wazi. Nilitaka kucheka, nikaogopa. Halafu ukakunja viganja, ukapiga mluzi mmoja.

Osmundi alikuja mbio, ndiyo kwanza alikuwa ametoka mashineni, uso mweupe kwa unga, na nyuma yake majirani. "Umempigia wapi baba?" Wewe ukaonyesha jiwe. Uliinua kidole tu. Kijana wako akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye jiwe, akashuka, akavuka kijito na viatu vyake vya shule, na kule chini akapiga kelele, "Mia na kumi na saba!" Watu wakashika vichwa. Kabla jua halijazama ulishapewa jina jipya. Mpaka unazikwa, ukiuliza Mpitimbi nzima jina lako la ubatizo, wengi hawalijui. Hatua Mia wanalijua.

Jioni ile ulinipa ini, kipande chote, na ini lilikuwa la wakubwa. Ukasema, "Skola, uliona."

"Niliona, baba."

"Basi ulichoona kiache pale jiweni."

Nikala ini. Nikaacha pale jiweni. Miaka ishirini na tatu.

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, nani asingependa kusifiwa? Kinachoniuma ni kilichofuata. Ulivitoa vijiti vyako shambani. Kitambaa chekundu ukakifanya cha kufungia mbegu. Osmundi alipokua akakuuliza risasi inafika wapi, ungemwambia nini? Ungesema arobaini, angekuuliza na ile mia na kumi na saba ilifikaje. Ukamwambia, "Utajua ukikua." Mimi msichana, ambaye nisingeshika bunduki maishani, ndiye niliyebaki na elimu yote. Yeye mwenye gobore amebaki na hadithi. Sasa amekua, ana miaka thelathini na tisa, na bado hajui.

Nimefika hapa kutoka Msamala tangu Jumatatu kusaidia maandalizi, na wiki nzima nimemsikiliza akifanya mazoezi. Ametundika debe kwenye msuku. Siku ya kwanza alitia kipimo chako, risasi haikufika hata kijitoni; yako siku ile ilisukumwa na Mungu. Walevi wa pale kilabuni wakamwimbia, "Mwana wa Hatua Mia, debe linakucheka!" Kuambiwa hivyo mtu kama Osmundi, si umemwagia mafuta ya taa motoni? Siku ya pili akafunika risasi mara mbili. Na kiganja chake si chako, baba, kile ni jembe. Siku ya tatu sijui alitia kiasi gani. Gobore lako lilikuwa linasema "bu", sauti ya mtu mzima anayekohoa. Siku hiyo lilipasua hewa, vilima vikarudisha, kuku wakaingia chini ya kitanda. Alirudi bega limevimba, anacheka. "Limefika, Skola! Sijagonga debe, lakini limefika!"

Nilimwomba gobore nilipanguse mafuta. Pale chini, karibu na inapokaa fataki, nikaona mstari mweusi mwembamba kama unywele. Nikaupangusa, ukaondoka. Nikakaa kidogo, ukarudi. Wewe ndiye uliyeniambia zamani, kuhusu lile la baba mdogo Fulko, kwamba chuma kikichoka kinatoa jasho jeusi na kwamba yeye aliliona akalipuuza. Nilimwonyesha Osmundi. Akasugua kwa kidole gumba, akasema ni masizi.

Jana jioni tulikuwa tunachambua maharage uani, nikaona siwezi tena. Nikamwambia kila kitu. Kichuguu, kitambaa chekundu, ini.

Hakupiga kelele, ningefurahi angepiga kelele. Alisema polepole, "Skola, mzee hajamaliza hata mwaka kaburini, unamtukana."

"Simtukani. Alikosa, kaka. Alimlenga wa karibu, akamkosa."

"Kijiji kizima kiliona."

"Kijiji kiliona mbawala amekufa. Aliyeona risasi ikitoka ni mimi na yeye."

Akachambua maharage mengine kama manne. Kisha akauliza, "Sasa kama alikosa, kwa nini alipiga mluzi mmoja?"

Baba, swali hilo ni lako. Akainuka, akachukua gobore ukutani, akaingia ndani nalo. Asubuhi nimekuta mlango wake wazi.

Nimewaza kumfuata. Lakini ulinifundisha mwenyewe usimwendee mtu kwa nyuma akiwa na gobore limeshindiliwa, na Osmundi akisikia majani yanavunjika nyuma yake sijui atageuka vipi. Nimemtuma mwenyekiti ujumbe wa simu, amejibu yuko Songea mjini, anarudi mchana. Kwa hiyo nimekaa, nakuandikia. Shangazi na wanawake wa jumuiya wako hapa nje wanamenya vitunguu na kusimulia habari zako, wameshaliweka lile sufuria kubwa karibu na mafiga, linasubiri mluzi. Wanacheka. Kila wakicheka nakaza meno, nahofia kicheko chao kitaufunika mlio.

Ukungu umeanza kuachia kule kijitoni. Saa hizi ndipo mbawala wanatoka. Nimeweka mkono wangu mezani hapa, nautazama vidole, sijui kwa nini. Mkono ni kitu kidogo sana, baba. Osmundi anaendesha bodaboda kwa mikono hiyo, analisha watoto wanne. Kama kuna namna yoyote ninyi mlio huko mnaweza kumshika mtu kiwiko, mshike sasa. Mwambie mwenyewe. Mwambie ulikosa.

Nimeacha kalamu, nimeirudia. Utanisamehe kwa mwandiko.

Limelia.

Limesema "bu". Nakuapia, baba, limesema "bu" tu, vilima havikujibu. Kile kile kikohozi chako cha zamani. Nilisimama mlangoni na kisu cha vitunguu sijui nimekitoa wapi. Chuma kilichochoka kinaweza kupasuka hata kwa kipimo kidogo, hilo nalijua. Wanawake nao waliweka visu chini. Tulikaa muda ambao mtu anaweza kusali Salamu Maria tatu, na mimi sikusali hata moja, nilikuwa nasikiliza.

Ukaja mluzi. Wa viganja, mzito, umetulia.

Shangazi akaruka, "Amepata! Bandikeni maji!" Nikamshika kanga. "Subiri, shangazi." "Nisubiri nini, hukusikia?" "Subiri kwanza."

Ukaja wa pili.

Shangazi ameketi chini kama aliyepewa taarifa ya msiba. "Mtoto wa Hatua Mia amekosa? Na wageni wa kesho je?" Nimekaa kizingitini nimelia mpaka kanga imelowa, na wao wanadhani nalilia nyama. Mluzi ule haupigwi kwa mkono mmoja, baba. Fulko alijaribu miaka yote. Vidole kumi vya Osmundi viko kule kwenye jiwe, na amepima kwa kipimo chako, na kijiji kizima kimesikia akisema amekosa.

Miluzi miwili. Ndiyo ile uliyotakiwa kupiga wewe siku ile.

Sina hasira tena, au imebaki kidogo, ya kawaida, ya mtoto na mzazi. Barua hii siikunji. Naiacha mezani, nimeilaza chini ya chupa ya chai, Osmundi akirudi aisome wa kwanza, na kesho asome yeyote aliyekuja kukukumbuka. Jina lako watakuita lile lile, wamelizoea. Ila vijiti nitavirudisha shambani leo hii, vinne, na kitambaa nimekipata, bado kilikuwa kwenye mbegu.

Lala salama, baba. Acha niende nikachume majani ya maboga.

Ni mimi binti yako, Skola, niliyekuwa begani kwako