Majina Nyuma ya Picha

Mpendwa mdogo wangu Neema,

Sijamwambia mtu mwingine: yule mwanaume mwenye baiskeli pichani, ambaye uliniuliza habari zake, simjui. Huku Columbus hatujambo. Mama yangu amepata zamu ya asubuhi, na Bibi anawasalimu.

Nilipokuwa bado shuleni, Bibi alinipa picha zote alizotoka nazo Kivu alipokuja Marekani. Nilizipitisha kwenye skana moja moja, nikazihifadhi mahali patatu zisipotee. Kisha Bibi akawagawia watoto wake zile za karatasi, huko Louisville na kwenu Cheektowaga.

"Bon, haya, na majina niliyoandika nyuma, umeyaweka kwa kompyuta?" akaniuliza.

Sikuwa nimegeuza hata picha moja. "Ndiyo, Bibi," nikajibu.

Sasa kumbukumbu yake imepungua. Nikimwonyesha picha kwenye simu, anacheka. "Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye mwenye majina?"

Hiyo ya baiskeli iko ukutani kwenu. Itoe kwenye fremu polepole, piga picha upande wa nyuma, unitumie. Nitaanza na jina hilo moja, nimpelekee Bibi na kumwambia ukweli. Hadi siku hiyo, tafadhali usimwambie mtu, hata mama yako.

Dada yako,
Riziki