Jiko la Siham Sebuleni kwa Mkwewe

Praxeda, wewe ushaona jiko limevishwa kitambaa cha kufuma likawekwa sebuleni, kando ya televisheni?

Lile jiko banifu la udongo nililompelekea mjukuu wangu Siham apate kupumua, maana moshi na mimba yake ile haviendani. Basi mkwewe Fakhria kalifanya pambo. Pambo, mwenzangu. Na ua la plastiki kaliweka juu.

Leo nimekwenda Kigombe nikamkuta na wageni wake wa Nguvumali. Anafunua kile kitambaa taratibu kama shela ya bibi harusi. "Hili halili kuni. Vijiti viwili tu, chungu kinachemka." Mtu hajaliwasha hata siku moja.

Na huku moshi wa mafiga anayopikia Siham unaingia kwa mlango wa uani, wageni wanapangusa macho. Fakhria anawaambia eti ni jirani anachoma taka. Jirani.

Akaingia Siham na sinia la chai, macho mekundu, anakohoa. Tangu aolewe hajawahi kumjibu mkwewe neno. Akatua sinia mbele ya wageni.

"Mama, jiko hili bibi aliniletea mimi. Nataka nilitumie kupikia chakula cha leo."