Laptopu Itakayofika Saa Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Wakili kanipigia simu mwenyewe! Miezi mitano nalea tu, nikajua kashanisahau. Anataka nirudi kumchapia. Maelezo ya mashahidi — yeye anarekodi, mimi nasikiliza na kuandika. Nyumbani kwangu! Mtoto pembeni! Ila mashine niwe na yangu, nianze Jumatatu ijayo, na kazi ya siku imfikie kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa, hata siku moja, anampa mwingine. Kasema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayekukaribisha chai.

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilipokata simu ndipo nikamkumbuka mama mwenye nyumba.

Saa mbili asubuhi anazima swichi kuu. Saa kumi anaiwasha. Kila siku ya Mungu. Anadai wapangaji tunapiga pasi mpaka matambara ya jikoni. Nimembembeleza leo, nimempakata mtoto makusudi ili amwonee huruma. Kajibu kwamba mtoto mchanga hana haja na umeme.

Masaa nane, basi. Mwanangu ananyonya kila baada ya masaa mawili, utadhani kawekewa kengele. Nataka laptopu itakayokaa na chaji mpaka anyonye mara nne. Iwe ndogo, maana meza yangu ni kistuli. Iwe ya bei ya kibubu changu. Urembo sitaki.

Jumanne, 5 Machi

Mume wangu yuko safari na lori. Kasema kwa simu niende na mdogo wake, eti anajua mashine.

Anajua! Shemeji kanipeleka duka la vioo, kanichagulia lidude pana kama sinia, vitufe vinawaka rangi rangi. "Shemeji, hii ukiibeba tu watu wanakupisha njia." Yeye analo kama hilo. Muuzaji naye anaapa: chaji masaa kumi, dada, kumi kamili! Nikamwambia vizuri, chomoa waya, mimi nakaa. Akacheka. Nikakaa.

Mtoto kanyonya mara moja. Hajarudia — giza! Kioo cheusi tii, najiona humo na kilemba kimeenda upande.

Muuzaji kasema labda mwanga ulikuwa mkali. Shemeji kanuna njia nzima. Eti nimemtia aibu, eti kompyuta haipimwi kama tikiti maji. Nikamwambia asante kwa kunisindikiza, shemeji, kesho nitakwenda peke yangu. Nimesema kwa heshima. Lakini nimesema.

Jumatano, 6 Machi

NIMEIPATA!

Nikae chini niandike vizuri.

Kuna kiduka chini ya ngazi, nyuma ya kituo cha kutoa nakala, kinauza mashine zilizotumika. Fundi wake wanamwita Miwani, na kweli, zake zimefungwa kwa utepe wa gundi. Nilifika anafungua mlango. Nikamweleza yote: swichi, saa kumi, mtoto. Hakuapa kitu. Kasema, "Mama, betri ni kama tumbo la mtu, silioni ndani. Kaa ujionee." Akanipa kiti.

Ya kwanza imezima hata mtoto hajaamka. Miwani akaitoa rafuni kabisa, akasema hiyo hamuuzii mtu tena. Hapo nikaanza kumwamini.

Ya pili — hii! Ndogo kama daftari kubwa, mgongoni mikwaruzo, herufi kwenye vitufe zimefutika nusu. Mbaya, masikini. Tukapunguza mwanga, tukazima mtandao. Nikaanza kuchapa gazeti la juzi, ukurasa kwa ukurasa, hata matangazo ya misiba. Mtoto kalala ndani ya boksi la printa. Kanyonya mara moja. Mara mbili. Wateja wanaingia wanatoka, mmoja kauliza, "Dada, umehamia hapa?" Miwani akamjibu, "Huyu ndiye meneja mpya, ongea naye vizuri." Tumecheka mpaka mtoto kaamka. Haya, mara ya tatu!

Mara ya nne Miwani alishaanza kufagia. Akaacha ufagio, akaja kuangalia. Asilimia kumi na tisa. Bado inawaka! Tulipiga makofi watu wazima wawili mbele ya kioo.

Nimemwandikisha na karatasi: ikinisumbua ndani ya wiki mbili, nairudisha. Kasaini bila kunung'unika. Kibubu kimebaki na vumbi. Nina furaha jamani!

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji kapita kuiona. Kaigeuza kwa vidole viwili kama soksi chafu. "Hii ni ya mtoto au ya mama?"

Nikamwambia ni ya kazi.

Jumatatu, 11 Machi

Saa tisa na robo. Naandika kwa mkono mmoja, mwenye ziwa lake kawahi leo.

Saa mbili swichi ilizimwa, tap! Wakili kaleta shahidi mmoja anayeongea kama maji ya bomba. Nimechapa, nimechapa. Mgongo si wangu. Asilimia ishirini na tatu. Kurasa zimebaki tatu. Natuma kwa bando la simu, hilo nimeshaliweka.

Hodi mlangoni. Shemeji! Kabeba sinia lake kifuani kama mgonjwa. Limezima, na mtaani kwao umeme umekatika. Ana barua ya maombi ya kazi, mwisho wa kupokelewa ni leo, saa kumi na moja. Kasimama anakwangua sakafu kwa kiatu. "Shemeji… hiyo yako bado inawaka?"

Sijacheka. Mungu shahidi, sijacheka.

Nimemwambia inawaka, shemeji wangu. Nikituma ya kwangu, nawe utaandika. Ila hizi kurasa tatu siwezi kuzimaliza na mtoto mkononi. Osha mikono, kaa hapo, umbembeleze.

Kaenda kunawa. Nasikia anauliza kutoka uani kichwa kinashikwaje.

Asilimia ishirini na mbili. Mtoto kaachia ziwa. Haya, baba mdogo, mpokee mwanao, kichwa weka —