Benchi la Jumatano

Jumatano, 7 Juni 2006

Kliniki, Kitengela. Watu kumi na mmoja wa dawa za akili kwenye benchi. Nimefagia, nimepika chai, nimesema "pole" mara nyingi kuliko kasisi. Kwa daftari la Sista Wanjiru mimi ni "msaidizi". Wa nini, haikuandikwa. Miaka minne iliyopita nilikalia benchi hili hili nikisikia redio ambayo haikuwepo. Siku hizi natengeneza redio za watu. Mungu ana ucheshi wake.

Leo Sista ameleta habari. Daktari amekubali nijaribiwe kazi yenyewe, kuongea na wagonjwa, kwa vile nimepitia. Mwezi mmoja. Nikacheka kwa furaha. Akaniuliza kama nimemeza dawa. Nimemeza.

Alhamisi, 8 Juni

Bado niko na furaha. Mara ya mwisho nilipofurahi hivi niligawa viatu vyangu vyote barabarani. Kwa hivyo nimejikagua. Usingizi, masaa saba. Chakula, nimekula. Viatu viko. Basi ni furaha tu, kama ya watu.

Jumatano, 14 Juni

Kazi ya kwanza! Mzee Lemayian, wa huko upande wa Isinya. Aliacha sindano ya akili ya kila mwezi tangu Krismasi. Anaongea na ng'ombe waliokufa. Mke wake, Mama Nasieku, amekuja peke yake akilia. Ndugu za mzee wamesema asipofika kliniki Jumatano ijayo, watamfunga kamba wampeleke Nairobi.

Mimi nilipelekwa kwa kamba. Alama bado iko mkononi.

Sista akasema, "Mutiso, enda wewe. Mimi akiniona anaona sindano tu."

Daktari akacheka kwa pua. "Mgonjwa amtibu mgonjwa?"

Nimekasirika. Chai yake nimepika bila sukari.

Jumamosi, 17 Juni

Nimeenda. Masaa mawili. Mzee ameketi nyuma ya boma, amenipa mgongo. Nimemweleza maisha yangu yote, hata ile ya viatu. Akaangalia viatu vyangu. Basi.

Nimeshindwa. Kitu kimoja tu nimeona. Watoto wakitoka shule wanamwinamia kila mzee, naye anawagusa kichwa, ndiyo salamu. Wakifika kwa Lemayian wanapita mbio.

Jumanne, 20 Juni

Lazima niandike haraka kabla nilale.

Nilipofika bomani ndugu za mzee walikuwa hapo. Kamba imetundikwa kwenye ua, mpya. Nikaingiwa na woga. Nilikuwa nimepanga kumpa mzee mkono kama mtu mzima. Woga ukanichanganya, nikainamisha kichwa. Mkamba wa miaka thelathini na sita, kipara kimeanza, ameinama kama mtoto wa nasari. Ndugu wakacheka sana. Mama Nasieku hakucheka. Nikabaki nimeinama, maana kuinuka kungekuwa aibu zaidi.

Kisha mkono. Mzito. Juu ya kipara.

"Supa," akasema.

"Ipa," nikajibu. Kimaasai changu kinaishia hapo.

Tangu Krismasi hakuna mtu amemletea kichwa akiguse.

Akaniuliza, "Ile sindano, inauma?"

"Inauma, mzee. Na mdomo unakauka kama gunia."

Sista huwaambia wagonjwa haiumi. Ndiyo maana hawamwamini. Mzee akacheka. Meno yote! Nikamwambia kesho nitakuwa benchi, nafasi yake nitaiweka. Akaangalia ile kamba.

Nimerudi nikiimba. Nimejikagua tena. Niko sawa.

Jumatano, 21 Juni

Saa mbili, hayuko. Saa tatu. Saa nne nimevunja kikombe. Watu watatu wametaka ile nafasi, nimewaambia rangi haijakauka.

Saa tano akatokea kwa miguu yake. Shuka imefuliwa. Mama Nasieku nyuma, ndugu nyuma zaidi, mmoja amebeba kamba kama mtu aliyesahau kwa nini aliibeba. Mzee akampita daktari. Akampita Sista. Akasimama mbele yangu, akangoja.

Nikainamisha kichwa. Benchi lote likiona. Daktari pia.

Kisha akaingia chumba cha sindano, akakunja nguo begani mwenyewe. Alipotoka akaniambia, "Kweli inauma."

Nimefurahi sana. Nimejikagua: viatu viko.

Jumatano, 19 Julai

Mwezi wa kujaribiwa umeisha. Leo kuna kiti cha tatu ndani ya chumba cha kuongea na wagonjwa, na Sista ameniita nikikalie.

Kupitia mlango nimeona benchi. Mzee Lemayian alifika wa kwanza. Ameletwa msichana mgeni, hataki kukaa karibu na mtu yeyote. Mama yake amechoka. Mzee amesogea kidogo, akamwachia nafasi. Msichana akaketi. Baadaye akamwinamishia mzee kichwa.

Chai leo amepika daktari. Majimaji, sukari imezidi. Nimeinywa yote.