Mwigizaji Aliyeliliwa Akiwa Hai

Busawe, Jumanne, 1956

Leo yule mwigizaji mzee kutoka Uingereza amekufa mara tano mbele ya kamera. Mara ya tano Mama Bhoke, anayetuletea maziwa kambini, akaangua kilio cha msiba. Mkubwa wa wapiga sinema akafoka, na mimi mkalimani ndiye niliyetukanwa. Kana kwamba kilio nimekitafsiri mimi!

Marehemu akanyanyuka, akapangusa damu ya rangi. Hapo ndipo mama alipokasirika hasa. "Aliyeliliwa haingii ndani hivi hivi. Mpaka achinjiwe kondoo."

Waigizaji wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alikaa juani nje ya hema lake mpaka kondoo akachinjwa, naye akapakwa mafuta ya kondoo huyo kifuani.

Wakati wa chai akaniambia amekuwa akifa jukwaani kwao tangu ujana, kisha kwenye sinema, na watu humpigia makofi tu. Amefiwa na mke, mtoto hana. "Muulize mama, siku nikifa kweli, atanililia?"

Mama Bhoke akaniuliza: "Mama yake anaitwa nani? Simlilii mtu bila kumtaja mama yake."

Mzee ameliandika jina la mama yake kwenye karatasi, nami nimeibandika humu daftarini. Mama Bhoke hajui kusoma. Basi siku habari ikifika, lazima niwe hai nimsomee.