Migomba Juu ya Kipima Mvua

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta kabla ya chai. Tena. Ofisi hapa Mazimbu ni joto tupu, feni imekufa. Modeli yangu ya mafuriko inasema masika haya mto hautafika nyumbani kwa mama, Matombo. Jibu safi mno. Halinipi raha.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepanda Matombo kukagua kipima mvua. Tulikifunga mahali peupe. Si peupe tena: migomba imekifunika, majani yanamwaga mvua pembeni. Kumbe namba zote nilizoilisha modeli ni pungufu, na sijui pungufu kiasi gani. Msomaji wa kipima aliona, hakukata. Migomba ni ya ukoo mwingine. Haiguswi mpaka mjomba wao, mwenye kauli juu ya mali ya ukoo, akubali. Mimi Mluguru, hata mimi nisingekata. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeongeza mvua kidogo kwenye modeli. Nyumba ya mama kavu. Nikaongeza tena. Kavu. Nikaongeza kiduchu tu: maji mpaka sebuleni. Hicho kiduchu ndicho nisichokijua. Nimeshinda nabadilisha viwango. Mara nyingi kavu, mara chache maji. Sijala.

Jumapili, 10 Machi
Nimempigia mama. Nikamweleza uwezekano, kitaalamu, kwa upole. Akasema kama mara nyingi ni kavu, basi anabaki na mbuzi wake. Nimekata simu nikiyachukia maneno yangu.

Jumanne, 12 Machi
Mawingu yamelala juu ya Uluguru tangu asubuhi. Kiti hakikaliki. Nimepiga tena, utaalamu nikauweka kando. "Mama, sijui. Naogopa. Panda huko juu kwa kaka yako." Akajibu: "Haya, mwanangu."

Jumatano, 13 Machi
Mvua. Simu ya mama haipatikani. Naandika, nasimama, nachungulia dirishani. Hovyo kabisa.

Jumamosi, 16 Machi
Maji yalifika shambani kwake, yakarudi. Nyumba kavu. Mama alihama bure, na mbuzi mmoja kapotea njiani. Nilijiandaa kugombezwa. Badala yake amenitumia mkungu wa ndizi kwa gari la sokoni, na meseji: "Mwakani ukiwa hujui, niambie tena."
Nimezipika ndizi. Nimekula nikashiba. Kompyuta sijaiwasha.