Siku Mia Mbili Bila Ajali

Geita, Jumatano

Kwako Mama Masanja,

Mwangaluka, mayu. Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini nimeitikia kabisa ili deni la salamu lisiwe langu. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma mvua ikitaka kunyesha, na mvua ikikataa linauma vilevile. Habari za hapo Samuye? Kifua chako kimepoa? Yule ng'ombe mweupe ameshazaa au bado anatuchezea akili? Majibu uniandikie mwenyewe, usimpe mdogo wangu aandike, maana yule hata habari za mbuzi lazima azitie mistari ya Biblia.

Aliyekuletea barua hii ni Kabula, mke wa Masanja. Usimwulize kitu mlangoni. Mpe maji, mpe pa kukaa, halafu mwangalie mkono wa kulia. Ukishauona rudi usome huku, kwa sababu nisipokueleza mimi utaelezwa na mwanao kwa simu, na yeye ataeleza kwa vipengele, cha kwanza mpaka cha tisa. (Nimesema mwanao. Siku akipata akili nitamchukua tena awe wangu.) Simu ningeweza kupiga, ila kuta za nyumba hii ni nyembamba na mimi nataka kutukana kwa raha.

Unajua kuwa mwanao ni ofisa usalama wa kampuni moja ya huko mgodini. Kazi yake ni kuona watu wamevaa kofia ngumu, glavu na viatu vya chuma, wapite panapopitika. Ni kazi nzuri. Wapo watu wanaorudi kwa wake zao na vidole kumi kwa sababu yake, hilo simnyimi. Shida inaanza saa kumi na moja jioni, gari la kazi linapomshusha getini. Wenzake wakishuka wanakuwa baba wa watu. Yeye anashuka na mgodi wote mgongoni, anauingiza mpaka sebuleni.

Tangu uliponituma nije kuwasimamia mafundi wa nyumba yake, kila asubuhi kabla ya chai tunasimama mstari, sisi watatu tu, yeye mbele na karatasi. Anasoma hatari za leo. "Jiko la mkaa, hatari. Kisu, hatari. Sakafu yenye maji, hatari. Baba na kiko chake, hatari kubwa. Kuna swali?" Siku ya kwanza niliuliza kama chai nayo ni hatari ndiyo maana haiji. Hakucheka. Mtoto niliyemfundisha kucheka mimi mwenyewe, kwa kumtekenya mbavu!

Jioni ndiyo balaa. Hajavua viatu, hajamsalimia mkewe, ameshafungua kompyuta mezani. "Nani ameona nini leo?" Ametupa na kadi za kuandika ajali iliyokaribia kutokea. Nami niliandika, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: *Leo nilikaribia kufa kwa kukosa nyama.* Akaniambia, "Baba, huu si mchezo." Kesho yake kigoda changu nikakikuta kimefungwa kikaratasi chekundu, KISITUMIKE, ati mguu mmoja ni mfupi. Nikamweleza kuwa mguu huo babu yake aliupunguza makusudi kwa sababu alikuwa anakalia mteremko. Akaandika hilo nalo.

Chooni amebandika SHIKA RELI. Reli yenyewe haipo. Jikoni alichora mraba wa rangi ya njano sakafuni, jiko la mkaa lisitoke humo. Mraba huo aliuchora karibu na ukuta, akabakiza upenyo wa kupita mbuzi aliyekonda. Na sebuleni, pale ambapo watu wenye akili hutundika picha ya harusi, alitundika ubao mweupe wenye maneno haya: NYUMBA HII IMEKAA SIKU KADHAA BILA AJALI. Kwenye "kadhaa" ndipo anapoweka namba. Kila jioni anafuta, anaongeza moja, anarudi nyuma hatua mbili na kuitazama kama mtu anayemtazama fahali wake. Zikifika mia mbili, alisema, atapika pilau na kuwaalika wakubwa wa kazini waje waone usalama unavyoanzia nyumbani. Nilimwuliza atapika nani. Akasema, "Kabula, nani tena?"

Sasa usije ukasema mimi mzee wa kale sitaki kazi iingie nyumbani. Kazi yetu sisi haijawahi kutoka nyumbani. Ng'ombe hana saa ya kufunga. Wewe ulimvuta ndama pale zizini ukiwa na mimba ya huyuhuyu Masanja, mimi nikiwa nimeshika kamba na kukupigia kelele za kijinga. Lakini tukiingia ndani kula, ng'ombe walibaki zizini. Mluzi ulikuwa wa ng'ombe, na wewe nilikuita kwa jina. Mwanao ameleta mluzi ndani. Kule mgodini ana mkubwa juu yake na mwingine juu ya huyo; hapa hana wa kumkalia, basi anajikalisha mwenyewe juu yetu na kuuita huo upumbavu usalama.

Jumanne ya wiki iliyopita, namba ikiwa mia moja tisini na tano, Kabula alikuwa anapika uji. Akapita kwenye upenyo ule wa mbuzi, kanga ikanasa mpini wa sufuria, uji ukamwagika mkono wa kulia, kuanzia kifundo mpaka vidoleni. Unajua uji wa moto unavyoshika, haupanguki kama maji. Hakupiga kelele. Alipaka dawa ya meno, akafunga kitambaa, akavaa glavu ya mpira juu yake, akapika mwingine. Tukanywa. Mimi niliomba niongezewe.

Hapa ndipo nataka unitukane, na usinionee huruma. Siku zile zote alikuja kuniamkia amepiga magoti, mkono wa kulia ameufunika ndani ya kanga. Mimi nikajisemea, mtoto huyu kafunzwa, anamfichia baba mkwe mkono kama wanawake wa zamani. Nikajivuna. Mwanao naye akamwona anaosha vyombo na glavu, anafua na glavu, anasonga ugali na glavu, akamsifu mbele yangu: "Unaona Baba? Mke wangu ameelewa." Mmoja anasifia heshima, mwingine anasifia glavu, na mkono unaoza humo ndani. Wanaume wawili wazima, macho manne. Na pua mbili, maana hata harufu ilikuwepo. Mimi nilidhani ni dagaa.

Ikafika Jumapili, mia mbili. Wakubwa watatu wakaja na mashati yao yaliyopigwa pasi. Kabula alikuwa amepika pilau sufuria nzima kwa mkono huo. Akaja kutunawisha, jagi kashika kwa mkono wa kushoto. Akamnawisha mkubwa wa mwanao kwa kushoto. Akaja kwangu kwa kushoto. Mwanao akakunja uso kwa aibu ya adabu. Mimi nikamtazama yule binti usoni, jambo ambalo siku zote nilikuwa sifanyi kwa hiyo heshima yetu, nikaona jasho linamtoka kama anayeumwa malaria. Nikanyanyuka, nikamfuata jikoni. Ndiyo, jikoni kwa mkwe wangu. Watu wa hapo wakisikia waache wasikie.

"Vua hiyo glavu."

"Baba, wageni wapo."

"Vua."

"Baba, huku si mahali pako."

"Nimeshaingia. Unataka nitokee dirishani?"

Akavua. Glavu haikutoka peke yake, Mama Masanja. Ilitoka na ngozi. Nimechuna ng'ombe tangu nikiwa mvulana, lakini pale nilitafuta ukuta wa kushika.

"Lini?"

"Jumanne."

"Na kusema ulikatazwa na nani?"

"Zilikuwa zimebaki siku tano, Baba. Na alikuwa ameshaalika watu."

Nikamshika mkono. Nimemshika mkwe wangu mkono kwa viganja vyangu hivi, nikaumwagia maji safi polepole mpaka dawa ya meno ikatoka. Kisha nikamtoa mpaka sebuleni, mkono ukiwa wazi, nikamsimamisha mbele ya pilau. Mwanao akaruka. Nikasubiri neno lake la kwanza. Likawa, "Imetokea saa ngapi?" Nikasema ngoja nimpe nafasi ya la pili. La pili likawa, "Mbona haikuripotiwa?"

Yule mkubwa wake, mnene mmoja mpole, akaweka sahani chini na kutoa ufunguo wa gari mfukoni.

"Masanja, shika huu. Mpeleke mkeo hospitali."

"Bosi, samahani sana, hii itakuwa ilitokea ile siku ya..."

"Kwani hapa ni kazini? Mimi nikifika kwangu nalala kwenye mkeka, wajukuu wananikalia tumboni. Shika ufunguo, bwana!"

Umesikia hiyo? Huyo ndiye mtu ambaye mwanao anamwiga mwendo, anamwiga mpaka kukohoa, kumbe mwenyewe nyumbani kwake ni mkeka wa watoto. Mwanao anaiga ukubwa ambao wakubwa wenyewe wanauvulia getini. Ule ubao niliuteremsha siku ileile, nikauweka chini ya dumu la maji linalovuja. Sasa una kazi.

Daktari alisema jasho la ndani ya glavu ndilo lililoharibu. Kidonda kioshwe kila siku, mkono upumzike, kitapona. Vidole viwili vya mwisho ndivyo anavyoviogopea, visipozoezwa kunyooka vitabaki vimejikunja hivyo. Tumekiosha Jumapili, Jumatatu na Jumanne, na kuosha nimeosha mimi, kwa sababu mwanao kila akikaribia anashika kalamu. Jumatatu jioni alikaa mbele ya mkewe na fomu. "Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi ilivyotokea." Kabula akaisukuma fomu pembeni kwa mkono wa kushoto, akasema:

"Nataka kwenda kwa mama."

Kalamu ikasimama. Nami nikasimama. Unajua kwao ni Kagongwa, na unajua baba yake. Akirudi kwao na mkono ule, wazee watakaa, hesabu ya ng'ombe itaanza, na ndoa itakuwa imekwisha kabla ya kidonda kukauka. Mwanao akanong'ona, "Mama yupi?" Ni swali la kwanza la maana aliloliuliza tangu aoe. Binti akainuka, akajibu:

"Mama wa Samuye."

Kwa hiyo amekuja kwako. Basi litakuwa limempitisha Kagongwa, hatua chache na kwa mama yake mzazi, naye hakushuka. Hilo ulipime mwenyewe. Hajaja kama mke aliyekimbia, amekuja kutibiwa kwa mama mkwe wake, na yeyote atakayeuliza mpe jibu hilohilo. Kidonda akikague muuguzi wa hospitali ya Kolandoto, umpeleke wewe, usimwachie mdogo wangu na maombi yake. Asishike mchi, asishike jembe, asisonge. Vidole mvinyooshe asubuhi na jioni, hata akilia. Na umwambie akilia apige kelele, hapo hakuna anayehesabu.

Mwanao atakuja. Tangu Jumatatu ananiuliza Kabula akishaondoka atarudi lini, nami namjibu kuwa sijui, kwa sababu kweli sijui, na kutojua kwangu kunamtesa vizuri. Akifika usimfukuze, wala usimlilie kama ulivyozoea. Mpe beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa safi, umwoneshe mkewe alipokaa. Aoshe kidonda, wewe ukiwa umesimama hapo. Ukimwona amenyamaza, ameinama, anauliza tu "Hapa panauma? Na hapa?", basi mwachie mkewe waongee, wakikubaliana warudi wote. Lakini akiuliza tena ilitokea saa ngapi, mnyang'anye kitambaa, mpe ugali ale ashibe, umpandishe basi peke yake.

Nisalimie mdogo wangu, mwambie ng'ombe mweupe asimwekee mikono, amwekee majani. Nisalimie dada yangu mkubwa, umweleze kuwa nimeingia jikoni kwa mkwe kabla hajaambiwa na wengine. Nisalimie na yule jirani yetu fundi baiskeli, bado ana pampu yangu.

Mimi sijambo. Wiki hii anapika mwanao. Ugali wake ni mbichi katikati, na ameuunguza mkono wake kidogo hapa juu ya kidole gumba. Jana nilimkuta jikoni peke yake, ameukalia ule mraba wa njano, anapuliza mkono na kuutazama. Nilimwacha aendelee kuutazama.

Mumeo asiyekuachia raha,
Baba Masanja